Kupiga picha za michezo kwenye mwanga hafifu: lenzi, kamera na mipangilio

Picha ya mchezo inayopigwa ndani ya ukumbi, au usiku chini ya taa, huharibika kwa njia mbili. Ama mchezaji anatoka na ukungu kwa sababu shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga uingie kwenye kamera, ilikaa wazi muda mrefu mno, ama picha inajaa chengachenga za nukta ndogondogo kwa sababu ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, imepandishwa. Wengi wanaoanza huogopa chengachenga kuliko ukungu, na hapo ndipo wanapopoteza picha. Chengachenga zinapunguzika baadaye kwenye kompyuta. Mkono uliofutwa na mwendo haurudi, maana hakuna programu inayojua vidole vile vilikuwa vimekaaje.

Mimi nilijifunza hilo kwenye mechi ya mpira wa wavu, nikiwa nimeapa kutovuka ISO 1600. Shata yangu ilikuwa 1/250 ya sekunde. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera picha zilionekana safi, nikarudi nyumbani nimeridhika. Nilipozifungua kwenye kompyuta, viatu vilionekana vizuri, namba za jezi zilisomeka, lakini kila mkono uliokuwa ukipiga mpira ulikuwa umegeuka wingu la rangi ya ngozi, na mpira wenyewe umevutika kama yai. Ilikuwa hivyo mechi nzima. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kasi ya shata, na mambo mengine yote, hata uamuzi wa kununua lenzi gani, yanafuata hapo.

Hatua ya 1: Amua kasi ya shata kwanza

Fanya hesabu ndogo. Mkono unaopiga mpira ukiwa unakwenda mita 10 kwa sekunde, kwa shata ya 1/250 unasogea sentimita 4 kabla shata haijafunga. Kwa 1/1000 unasogea sentimita 1. Mpira wa wavu uliopigwa kwa kilomita 90 kwa saa unakwenda mita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kwa 1/500 unasogea sentimita 5, na kipenyo chake ni kama sentimita 21. Hiyo ni karibu robo ya mpira. Yai langu lilitoka huko, tena kwa 1/250 hali ilikuwa mbaya mara mbili.

Kwa mpira wa kikapu, anza na 1/800. Mwanga ukikubana sana, shuka hadi 1/500 na usiende chini ya hapo. Mpira wa wavu, mpira wa mikono, badminton, na soka ya usiku zinataka 1/1000. Ndondi nayo ni 1/1000 ukiweza, kwa sababu ngumi husafiri umbali mfupi kwa kasi kubwa, ingawa 1/640 hukupa picha nzuri wakati mabondia wanapimana. Kwenye judo na mieleka watu wanashikana muda mwingi, hivyo 1/500 hutosha mpaka mmoja arushwe.

Kuna siri moja inayosaidia ukumbi ukiwa na giza kweli. Mchezaji akiruka, akifika kileleni mwili wake husimama kwa kitambo kidogo kabla ya kuanza kushuka. Ukibonyeza hapo hasa, 1/500 inafanya kazi ambayo vinginevyo ingetaka 1/1000. Mikono bado inakwenda, lakini uso na kiwiliwili vinatulia, na uso ndio mtazamaji anaoutazama kwanza.

Hatua ya 2: Soma namba iliyoandikwa kwenye lenzi

Geuza lenzi yako uangalie ukingo wa mbele, karibu na kioo. Utaona maandishi kama 1:3.5-5.6 au 1:2.8 au 1:1.8. Namba hiyo, ambayo huandikwa pia f/2.8 au f/1.8, inakwambia tundu la lenzi linaweza kufunguka kiasi gani, na jinsi namba inavyokuwa ndogo, ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Kwa kazi hii, namba hiyo ina uzito kuliko jina la kampuni iliyotengeneza lenzi, na kuliko kamera uliyoifunga nyuma yake.

Wapiga picha huita kila mara mwanga unapoongezeka maradufu au kupungua kwa nusu kuwa ni stopu moja. Kutoka f/5.6 hadi f/4 ni stopu moja, na kutoka f/4 hadi f/2.8 ni stopu nyingine. Kwa hiyo lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara 4 ya ile ya f/5.6. Tuseme ukumbi unahitaji 1/1000, f/2.8 na ISO 6400. Kwa lenzi ya f/4 ukumbi uleule utakudai ISO 12800, na kwa f/5.6 utakudai ISO 25600. Kwa f/1.8 utashuka hadi karibu ISO 2500. Hakuna kamera unayoweza kununua itakayokupa tofauti kubwa namna hiyo.

Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera, mathalani ya milimita 18-55 (milimita zikiwa nyingi, lenzi inavuta karibu zaidi) yenye f/3.5-5.6, hufika f/3.5 ukiwa umeipanua tu. Ukivuta karibu, ambako ndiko mchezo ulipo, inabaki f/5.6. Kwa mchana ni lenzi nzuri. Kwa ukumbi, iache kwenye mfuko.

Kama bajeti ni ndogo, ushauri wangu ni mmoja: nunua lenzi isiyovuta, ya milimita 50 f/1.8 au milimita 85 f/1.8. Ya milimita 50 huwa miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa kwa karibu kila mtengenezaji, na kwenye kamera ambayo sensa yake, yaani kipande kinachopokea picha, ni ndogo, inaona kama ya milimita 75 au 80. Ukiwa karibu na uwanja wa mpira wa kikapu au ulingo wa ndondi, hizo mbili zinatosha kwa miaka. Utalazimika kutembea badala ya kuvuta, na mchezo ukihamia upande wa pili wa uwanja utaushusha tu mkono usubiri. Hiyo ndiyo gharama yake, nami naona ni ndogo.

Bajeti ikiruhusu, lenzi ya milimita 70-200 f/2.8 ndiyo farasi wa kazi wa michezo. Nyingi zina uzito kati ya kilo 1 na kilo 1.5, hivyo kwa mechi ndefu mguu mmoja wa kusimamishia kamera utaokoa mabega yako. Kwa uwanja mkubwa wa soka usiku wataalamu hutumia milimita 300 au 400 zenye f/2.8, lakini hizo ni za kukodi kwa siku moja kabla ya kufikiria kuzinunua.

Tahadhari mbili. Lenzi za f/1.2, hasa za zamani, zina vioo vizito ndani, na mota yake huchukua muda kuvisogeza, kwa hiyo zinaweza kuchelewa kufokasi, yaani kumshika mchezaji kwa ukali, hata kama tundu lake ni kubwa. Pili, kifaa cha kutuliza mtikisiko ndani ya lenzi au kamera hutuliza mkono wako, lakini mchezaji hakimtulizi. Usilipe zaidi kwa ajili yake kwa kazi hii.

Hatua ya 3: Kamera

Sensa kubwa ina ukubwa wa milimita 36 kwa 24. Ile ndogo inayoitwa APS-C ni kama milimita 23.5 kwa 15.6. Eneo la ile kubwa ni zaidi ya mara mbili, na kwenye giza hiyo hukupa nafuu ya takriban stopu moja. Ni nafuu nzuri, lakini ni stopu moja tu. Mtu mwenye sensa ndogo na lenzi ya f/1.8 atampita mwenye sensa kubwa na lenzi ya f/4. Pesa zikiwa za kutosha kitu kimoja, nunua lenzi.

Kamera yenyewe iangalie kwa mambo matatu: inafuata mchezaji kwa fokasi bila kupotea, inapiga angalau picha 6 hadi 8 kwa sekunde, na ina kinga dhidi ya taa zinazopepesa, ambayo nitaieleza sasa hivi. Wingi wa megapikseli hausaidii hapa. Kadi ya kumbukumbu ya polepole itakufanya usubiri huku kamera ikimeza picha, hivyo kama kamera yako inakubali kadi za aina ya UHS-II, ambazo njia yake hufika megabaiti 312 kwa sekunde, zitumie. Zile za UHS-I huishia 104.

Simu? Kwa mwanga hafifu simu huunganisha picha kadhaa kuwa moja, na mchezaji anakuwa amesogea kati ya moja na nyingine. Itumie kupiga mashabiki, timu ikiimba, kocha akiwa amesimama.

Hatua ya 4: Chunguza taa kabla mechi haijaanza

Hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua tatizo ni nini. Wanapiga mfululizo wa picha 5, moja inatoka safi, ya pili ya njano, ya tatu nusu yake giza. Wanalaumu kamera. Kosa ni la taa.

Umeme wa kawaida hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde katika nchi nyingi, na 60 katika nyingine kama Marekani. Taa za tyubu na zile kubwa za gesi zinazofungwa kwenye kumbi nyingi hung'aa na kufifia mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100 au 120 kwa sekunde. Jicho halioni. Lakini mpigo mmoja wa taa unachukua sekunde 1/100, na shata yako ya 1/1000 inachota sehemu moja tu ya kumi ya mpigo huo. Ukibahatika unachota kilele, mwanga tele na rangi sahihi. Usipobahatika unachota bonde, na bonde lina rangi yake, mara nyingi ya njano iliyochoka.

Jaribu hivi: weka 1/1000, lenga ukuta mweupe ulioangazwa na taa za uwanja, piga picha 10 kwa mfululizo. Zikifanana zote, endelea na shughuli zako. Zikitofautiana, ingia kwenye menyu utafute mpangilio wa kuzuia mpepeso wa taa. Canon EOS 7D Mark II ilikuja nao mwaka 2014, na tangu hapo umeenea kwenye kamera nyingi za kiwango cha kati na cha juu. Kamera inasoma mdundo wa taa na kuchelewesha shata kidogo mno ili ifunguke kileleni. Kasi ya mfululizo itapungua kidogo, kubali.

Kama kamera yako haina, una njia mbili. Piga picha nyingi zaidi ya kawaida, ukijua baadhi utazitupa kwa sababu ya rangi tu. Au, kwa wakati uliotulia kama mchezaji anapojiandaa kurusha mpira wa adhabu, shuka hadi 1/100, au 1/125 penye umeme wa mizunguko 60, ili shata ichukue mpigo mzima wa taa. Kwa mchezo wenyewe kasi hiyo haifai.

Tena, kama kamera yako ina shata ya kielektroniki, ambayo haitoi sauti, izime uwapo ukumbini na utumie ya kimitambo. Sensa za kawaida husoma picha mstari baada ya mstari, na taa zikipepesa wakati wa kusoma unapata mistari ya giza ikikata picha kwa upana. Kamera chache za bei kubwa zimepunguza tatizo hilo. Sony a9 III, iliyotangazwa Novemba 2023, inasoma sensa nzima kwa mara moja, kwa hiyo mistari hiyo haitokei, ingawa picha moja bado inaweza kuwa na mwanga tofauti na inayofuata.

Taa za LED zina tabia tofauti. Nyingine hazipepesi kabisa, nyingine hupepesa kwa kasi kubwa isiyofuata umeme wa ukutani, na mbao za matangazo za LED pembeni mwa uwanja ni sumbufu kuliko zote. Kamera kadhaa mpya hukuruhusu kurekebisha shata kwa hatua ndogondogo mno mpaka mistari ipotee kwenye kioo. Fanya hivyo wachezaji wakiwa bado wanapasha misuli.

Hatua ya 5: Weka mipangilio wakati wa kupasha misuli

Dakika hizo 15 au 20 kabla ya mechi ni zako. Weka kamera kwenye M, yaani hali ya kupanga kila kitu mwenyewe, shata uliyoichagua, tundu la lenzi wazi kabisa au karibu kabisa, kisha pandisha ISO mpaka ngozi ya mchezaji ionekane kama inavyoonekana kwa jicho. Katika kumbi zenye taa dhaifu usishangae kufika ISO 6400 kwa f/2.8 na 1/500. Ni kawaida.

Kwa nini M? Kwa sababu kamera ikiachiwa ijipimie, inadanganywa na kila kinachopita. Nyuma ya mchezaji kuna viti vitupu vyeusi: inadhani kuna giza, inaongeza mwanga na kumuunguza uso. Timu yenye jezi nyeupe inapita: inadhani kuna mwanga mwingi, inatia giza kila kitu. Taa zenyewe hazijabadilika. Mpangilio uliopimwa vizuri mara moja utafaa mpaka filimbi ya mwisho.

Tembea uwanja mzima kabla ya kuukubali mpangilio huo. Piga mchezaji aliye katikati, kisha aliye kwenye kona. Kumbi nyingi zina mwanga mzuri katikati na pembeni kuna upungufu wa nusu stopu au hata moja. Kama tofauti ni kubwa, bakisha shata na tundu kwa mkono na uiachie kamera ISO peke yake, ukiiwekea ukomo wa juu unaouvumilia.

Jezi nyeupe ndiyo kipimo changu. Piga aliyevaa jezi nyeupe, fungua picha kwenye kioo, ikuze hadi asilimia 100. Mikunjo ya kitambaa ikionekana, uko salama. Ikiwa ni bapa jeupe lisilo na mkunjo, umezidisha. Usiende upande wa pili pia kwa kupiga picha nyeusi ukitumaini kuiangaza baadaye, kwa sababu chengachenga hukaa kwenye giza, na ukilivuta giza juu zinakuja nalo. ISO 6400 iliyopimwa sawasawa huwa safi sawa na ISO 1600 iliyovutwa stopu mbili, au safi kuliko hiyo. Na ukiwa umeikuza hiyo picha, angalia vidole. Vikiwa na ukungu, ongeza shata na ISO sasa hivi, kabla ya mechi.

Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana, kama kadi inahimili. Rangi za taa za ukumbini ni ngumu, na RAW inakuachia nafasi ya kuzirekebisha bila kuharibu ngozi. Ukilazimika kutumia JPEG, faili la kawaida lililobanwa tayari, kwa sababu unatuma picha papo hapo, basi piga picha ya karatasi nyeupe chini ya taa za uwanja na uitumie kuweka mizani ya rangi kwa mkono. Usiiache kwenye otomatiki, kwani itabadilika kila timu inapobadilisha upande.

Flashi iache. Michezo mingi imeipiga marufuku ukumbini, na hata pasipo katazo, mtu aliye hewani juu ya vyuma vya jimnastiki hapaswi kumulikwa machoni.

Hatua ya 6: Fokasi

Weka fokasi endelevu. Kwa Nikon, Sony na Fujifilm inaitwa AF-C, kwa Canon ni AI Servo au Servo. Kisha hamisha kazi ya kufokasi kutoka kitufe cha kupigia picha kwenda kitufe cha nyuma kinachobonyezwa kwa kidole gumba. Siku ya kwanza utachanganyikiwa. Siku ya tatu hutataka kurudi, kwa sababu refa akikatiza mbele unainua kidole gumba, fokasi inabaki pale mchezaji alipokuwa, na unaendelea kupiga.

Chagua eneo dogo la fokasi, si kioo kizima. Kamera mpya zinazotambua uso na jicho hufanya vizuri hata gizani, lakini wachezaji 10 wakijazana chini ya kikapu, fokasi yake hurukaruka kutoka uso hadi uso. Hapo rudi kwenye nukta moja na uilenge namba ya jezi kifuani: mistari yake iliyokolea ndiyo fokasi inayoipenda, tofauti na kitambaa kitupu cha rangi moja. Kwenye mpira wa wavu, kamera itashika wavu badala ya mchezaji aliye nyuma yake. Dawa ni kumfokasi mapema, kabla hajaruka, kisha punguza kwenye menyu wepesi wa kamera kuhama kwenda kwa kitu kipya.

Kumbuka tundu kubwa lina bei yake. Lenzi ya milimita 85 kwa f/1.8 kwenye sensa kubwa, mchezaji akiwa mita 6 mbele yako, ina kina cha takriban nusu mita tu kinachoonekana wazi. Fokasi ikishika mpira uliotangulizwa mbele, macho yanaweza kupotea. Kama mwanga unatosha, funga hadi f/2.2.

Hatua ya 7: Mahali pa kukaa, na jinsi ya kubonyeza

Omba ruhusa mapema, kisha tafuta mahali ambapo nyuma ya wachezaji pana giza au watu walio mbali. Kwenye mpira wa kikapu kaa chini nyuma ya mstari wa mwisho, pembeni kidogo ya kikapu, upande ambao nyuso zitakuwa zikikuelekea. Kwenye ndondi weka lenzi kati ya kamba. Kwenye wavu, panda juu jukwaani kwa kipindi kimoja, utaona mikono inayozuia na uso wa anayepiga kwa pamoja.

Bonyeza kwa mafungu ya picha 3 au 4, ukianza kabla ya tukio. Ukiushikilia mkono chini muda wote, kamera itajaa na kugoma sekunde ileile goli linapofungwa. Na mpira ukishaingia, usishushe kamera: nyuso za sekunde mbili zinazofuata ndizo watu huomba nakala.

Nyumbani, chagua picha kabla ya kuzisafisha. Programu za kupunguza chengachenga zimeboreka sana. Kampuni ya DxO ilitoa DeepPRIME mwaka 2020, na programu ya Lightroom ilipata usafishaji wake wa akili bandia mwaka 2023, ukifanya kazi kwenye RAW. Nguvu yake iweke nusu kwanza utazame nywele na nyusi. Zikianza kufanana na plastiki, rudisha nyuma. Chengachenga kidogo zilizobaki zitapotea zenyewe utakapoipunguza picha hadi pikseli 2048 kwa ajili ya kuituma.